Kurasa tatu, na binti hana jina

"Shikamoo mama. Nina miaka 34, ni mwalimu, naishi Mwanza, na ndoa yangu ina miaka minane. Mtoto wetu wa kwanza, wa kike, ana miaka sita na ana sikoseli, ugonjwa ulioko kwenye ukoo wa mume wangu. Kila mwezi ni hospitali. Nimechoka. Tangu Januari mtoto yuko kwa bibi yake, mama wa mume wangu, Sengerema ili nipate kupumua. Rafiki yangu amenipa habari za hospitali moja nje ya nchi ambako wanapandikiza mimba na kuwapima watoto kabla hawajaingizwa tumboni, na mwenye ugonjwa wanamrekebisha. Gharama pamoja na nauli ni milioni 38. Nimeuza kiwanja cha Buswelu nikapata 22, na nimeshatanguliza kiasi. Mume wangu amekataa katakata. Kila nikianza anasema, 'Kwa hiyo huyu tuliye naye tungemtupa?' kisha anatoka nje. Mama yake ndiye anayemjaza maneno. Yeye anasema mtoto ni riziki, na wa pili atakuwa mzima tu kwa sababu wa kwanza ameshabeba mzigo. Nifanyeje mume akubali, au niende peke yangu? N.B. Kwa kuwa tunalipa, naomba kujua kama wanaweza kutupa wa kiume, na asifuate weusi wa kwa baba yake. Mama Mchovu."

Marahaba mwanangu, na pole. Nililea mtoto wa marehemu dada yangu mwenye ugonjwa huohuo, kwa hiyo uchovu unaouandika naujua. Namkumbuka alivyokuwa mdogo, vidole vya mikono vimevimba hata kijiko hakishiki, nami namkanda kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka jogoo la kwanza, yeye akiniuliza, "Mama, kwani nimefanya nini?" Sitamwambia mzazi yeyote aliyepita humo kwamba analalamika bure.

Pole yangu inaishia hapo, maana barua yako nimeisoma mara nne, na kila nikirudia naona mambo ambayo hukukusudia niyaone.

La kwanza, kiwanja. Uliandika "nimeuza", hukuandika "tumeuza". Mahali pengine unasema mtoto wetu, tunalipa, kutupa wa kiume. Kwenye kiwanja ndipo "tu" ikageuka "ni". Wewe ni mwalimu, lugha unaijua. Mwanamume ambaye mkewe ameuza ardhi ya nyumbani bila kumshirikisha akanyamaza, asipige, asifukuze, anauliza swali moja na kutoka nje, huyo umeniletea kama mbaya wako? Mimi naona mtu aliyejizuia kwa nguvu zote.

La pili, ukoo. Umeandika kwamba ugonjwa uko kwao. Mwanangu, sikoseli, au selimundu kama inavyoandikwa kwenye vyeti vya hospitali, haitoki upande mmoja. Mtoto akiwa SS, yaani mgonjwa kamili, amepokea kinasaba kimoja cha ugonjwa, yaani chembe ya urithi, kwa baba na kimoja kwa mama. Nusu ya maumivu ya binti yako imetoka kwenye damu yako wewe, na wala si kosa lako, kama isivyo kosa la mumeo. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu mwenye kinasaba kimoja tu cha selimundu ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kinasaba hiki kimejaa kwenye maeneo yetu ya ziwa na pwani, palipojaa mbu. Kiliwaokoa babu zako na babu zake. Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto 11,000 hivi wenye ugonjwa huu kila mwaka, na hao wote hawawezi kuwa wa ukoo wa mume wako. Kama umemwambia maneno haya mbele ya ndugu zake, na nahisi umeyasema, mwombe radhi.

Mama mkwe wako naye kuna mahali amekosea, nalisema ingawa kwa mengine niko upande wake. Si kweli kwamba wa kwanza akiumwa wa pili amesalimika. Nyinyi wawili mkiwa wabebaji, yaani kila mmoja ana kinasaba kimoja cha ugonjwa bila yeye kuumwa, kila mimba ni kura mpya. Robo ya uwezekano mtoto awe mgonjwa, nusu awe mbebaji kama nyinyi, robo asiwe na chochote. Mimba haikumbuki ile iliyotangulia. Mwelezeni kwa adabu, asije akambebesha mwanawe matumaini ya uongo.

Sasa jambo lenyewe, na hapa wengi watanishangaa. Kupima kiinitete, yaani mimba changa ya siku chache, ili mtoto asizaliwe na selimundu sioni kama ni dhambi. Daktari anachukua mayai yako, anayarutubisha maabara kwa mbegu za mumeo, siku ya tano hivi anadokoa seli chache na kuzipima, kisha anakurudishia tumboni kiinitete kisicho na ugonjwa. Kazi hii ilianza London. Watoto wa kwanza waliozaliwa baada ya kupimwa hivyo walizaliwa 1990, kwa wazazi waliokuwa wakikimbia magonjwa ya kurithi yanayowapata watoto wa kiume. Kwa selimundu yenyewe, pacha walizaliwa New York mwaka 1999 wakiwa salama. Mzazi aliyeona mtoto akijipinda kwa maumivu saa nane za usiku akatafuta njia asione tena, simwiti mkufuru, na sitamruhusu mtu amwite hivyo mbele yangu.

Ila umedanganywa, au umejidanganya. Hakuna anayerekebishwa. Wanachagua, na viinitete visivyochaguliwa vinagandishwa au vinatupwa. Aliyethubutu kurekebisha ni mwanasayansi wa China, He Jiankui, aliyetangaza mwaka 2018 kuzaliwa kwa mapacha wa kike aliowahariri vinasaba wakiwa viinitete. Dunia nzima ya sayansi ilimkemea, na nchi yake ikamfunga miaka mitatu. Tena, kiinitete kilichopimwa kikaonekana safi bado kinaweza kukataa kushika, na hela haitarudi, na kiwanja cha Buswelu ndiyo kimekwenda. Kuhusu kwenda peke yako: bila mbegu na sahihi ya mumeo, unakwenda kuzaa na nani?

Hilo neno la kutupa ndilo linalomtoa mumeo nje. Hukuniambia mnasali wapi. Kama ni Wakatoliki, kanisa lao limeandika wazi tangu 1987 kwamba halikubali mimba ya maabara, na mtu anayesumbuliwa na imani yake hastahili kuitwa majina. Lakini mimi sidhani kwamba anahofia kanisa. Rudia maneno yake: "Kwa hiyo huyu tuliye naye tungemtupa?" Kwenye foleni ya hospitali unayoitaka, binti yenu angepimwa, angeonekana mgonjwa, angewekwa pembeni. Baba anaangalia mkono wa mwanawe na kuona mkono ule usingekuwepo. Anakuuliza swali la mtu aliyevunjika, wewe unamtafutia hoja. Jibu lake lipo, na ni wewe wa kumpa: kwamba kutotaka ugonjwa si kumkataa mgonjwa. Lakini jibu hilo linaaminika kinywani mwa mama ambaye mtoto analala nyumbani kwake.

Na hapa ndipo kalamu yangu inapotaka kuchana karatasi. Kurasa tatu umeandika, jina la binti yako halimo. Rafiki yako ametajwa, kiwanja kimetajwa mtaa na bei, mtoto ni "mtoto". Mama mkwe anayejaza watu maneno ndiye anayekesha na mwanao tangu Januari. Yeye ndiye anayeweka kikombe cha maji kando ya kitanda, maana watoto hawa wakikaukiwa maji chembe za damu zinaziba mishipa na maumivu yanaanza. Yeye ndiye anayemfunika baridi ya ziwa ikiingia. Ukinitaka niamue kati yako na yeye, nimeshaamua.

Tena, kama ungekuwa unamfikiria, kuna swali ungeniuliza ambalo hukuuliza. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekuwa ikipandikiza uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kwa watoto wenye selimundu tangu 2023, na mtoaji anayefaa zaidi ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja ambaye uloto wake unalingana na wa mgonjwa. Kila ndugu ana uwezekano wa robo wa kulingana, na hata akiwa mbebaji anaweza kutoa. Marekani, mwaka 2000, alizaliwa mvulana aliyechaguliwa akiwa kiinitete kwa mambo mawili, asiwe na ugonjwa mbaya wa damu aliokuwa nao dada yake, na alingane naye. Damu ya kitovu chake ikamsaidia dada yule. Watu walibishana sana, wakisema mtoto amefanywa spea. Mimi nasema ikiwa anapendwa kwa ajili yake mwenyewe, na angependwa hata asingelingana, basi amezaliwa kwenye nyumba yenye upendo. Wewe hukuuliza kama wa pili anaweza kumsaidia wa kwanza. Uliuliza rangi.

Tufike kwenye N.B. yako. Watu huficha ukweli wao kwenye N.B.

Kwamba awe wa kiume, hilo linaonekana kwenye kipimo, ni rahisi. Ndiyo maana nchi zimelazimika kuweka sheria. India ilipiga marufuku kupima jinsia ya mtoto aliye tumboni kwa sheria ya mwaka 1994 kwa sababu wasichana walikuwa wanatoweka kabla ya kuzaliwa. Uingereza nayo hairuhusu isipokuwa kwa kukwepa ugonjwa. China, karibu 2004, walikuwa wanazaliwa wavulana 121 hivi kwa kila wasichana 100, na leo wavulana wale ni watu wazima, na wengi wako hatarini kukosa wa kuoa. Nani amekuambia binti hatoshi? Mumeo hakusema. Mkweo, kwa barua yako mwenyewe, hakusema. Ni wewe.

Na weusi. Rangi ya ngozi inatengenezwa na vinasaba vingi vikisaidiana, na hakuna kiinitete kitakachokuwa na kitu ambacho nyinyi wawili hamna. Urefu peke yake, utafiti mkubwa wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya sehemu 12,000 kwenye vinasaba zinazochangia. Zipo kampuni ughaibuni zinazouza alama za urefu na akili za viinitete, na wanaouziwa ni watu wenye moyo kama wako. Lakini hata ingewezekana, ulimpenda mwanamume mweusi, ukala kiapo naye, ukalala naye miaka minane, kisha unataka mtoto wake asifanane naye? Mtoto huyo siku akijua alichaguliwa kwa sababu hafanani na baba yake, atamtazama baba kwa jicho gani? Tunawakemea wadada wanaojipaka krimu za kuchubua, na wewe unataka kumchubua mtu kabla hajawa na ngozi.

Hizi ndoa za leo zinanitia uchungu. Kamati ya harusi inakutana kila Jumapili miezi mitatu, watu wanabishana rangi ya vitambaa, kuna send-off, kuna kitchen party, mshenga anakwenda na kurudi, na hakuna hata shangazi mmoja anayesimama kuuliza, "Damu mmepima?" Virusi vya Ukimwi tumejifunza kupima. Selimundu hapana, wakati kipimo chake ni tone la damu tu. Nigeria makanisa mengi hayafungishi ndoa bila majibu hayo mezani. Sisi tunachangishana mamilioni ya ukumbi, miaka miwili baadaye wenzi wanajuana damu zao wodini, huku mtoto ametundikiwa dripu, na hapo ndipo lawama za ukoo zinapoanza. Kisha vijana wamezoea kuagiza vitu kwenye simu, saizi hii, rangi hii, kisipofaa rudisha, na tabia hiyo inapanda kitandani. Mke akizidi unene analaumiwa, mume akipungukiwa anaachwa, sasa imefika kwa mtoto. Wazazi wetu hawakujua vinasaba, lakini mtoto akizaliwa waliuliza anafanana na nani wapate kumpa jina la mtu huyo.

Nimekwenda mbali, nirudi kwako. Piga simu hospitali ile usitishe, uombe kinachoweza kurudi kirudi. Mwambie mumeo habari ya kiwanja yote, kiasi ulichopokea na kiasi ulichotuma, na milioni zilizobaki muweke mahali ambapo wote wawili mnasaini. Binti apelekwe kliniki ya selimundu, muulize kuhusu haidroksiyurea. Ni dawa ya kila siku, inapunguza vipindi vya maumivu kwa watoto wengi, na wanaitumia kwa kufuatiliwa vipimo vya damu. Muulizeni daktari habari ya Dodoma. Hayo yakishakaa sawa, na mumeo akitaka, kaeni na mshauri nasaha wa vinasaba mzungumze mtoto wa pili, kwa maabara au kwa njia ya kawaida au msizae tena. Mkifikia huko mkaamua kupima viinitete kwa ajili ya selimundu pekee, mimi niko pamoja nanyi, na mkweo nitamwandikia mwenyewe.

Ila kabla ya yote, Ijumaa hii ukitoka shule panda gari. Siku hizi Kigongo hakuna kusubiri kivuko, daraja limefunguliwa, hadi saa ya chakula cha usiku utakuwa umefika Sengerema. Mwambie mkweo akalale, wewe ulale na mtoto. Ukirudi niandikie tena, na safari hii uniambie anaitwa nani. Sitalichapisha jina lake. Nataka kumwombea.