Kope zinazojifumba zenyewe

SWALI: Daktari, salaam. Nina umri wa miaka 56 na ni fundi cherehani hapa Tanga. Kwa mwaka mmoja na nusu sasa macho yangu yote mawili hujifumba bila mimi kutaka, hasa juani na ninapotia uzi kwenye sindano. Nimebadilishiwa miwani mara mbili bila nafuu. Majirani husema kope zikicheza kuna habari inakuja. Wiki iliyopita mteja aliyekuja na mkewe alidhani ninamkonyeza. Ajabu ni kwamba nikiimba kwaya kanisani macho hufunguka. Je, ninapofuka, au ni wasiwasi tu?

JIBU: Shikamoo mama. Dalili ulizozieleza si za upofu, wala si za mtu anayejitia maradhi. Ukope mmoja unaochezacheza siku chache, ule ambao watu huutabiria habari, aghalabu hutokana na uchovu, kukosa usingizi au kahawa nyingi, na hutulia wenyewe. Hali yako inafanana zaidi na blefarospazimu, ambayo huwapata zaidi wanawake waliovuka miaka 50: jicho lenyewe linaweza kuwa zima, lakini ubongo huituma misuli inayolizunguka ikaze bila kuombwa, na ndiyo maana miwani haikufua dafu. Hilo la kwaya, ambalo umelitaja kama jambo la pembeni, ndilo lililonivuta zaidi, kwa kuwa wagonjwa wengi hugundua kwamba kuimba, kuzungumza au kugusa kipaji cha uso kwa kidole huilegeza misuli hiyo kwa muda.

Omba rufaa kwa daktari bingwa wa macho au wa mishipa ya fahamu, ambaye atachunguza kwanza ukavu wa macho, kwani nao huchochea kufumba. Tiba kuu ni sindano za kiasi kidogo mno cha sumu ya botulini, dawa inayolegeza misuli, kuzunguka macho; iliidhinishwa Marekani mwaka 1989. Haiponyi moja kwa moja. Nafuu huanza baada ya siku chache, hudumu takriban miezi 3, kisha sindano hurudiwa. Kope huweza kulegea kwa wiki kadhaa, nalo si jambo la kukutisha.

Juani vaa kofia pana na miwani ya rangi, na barabara usiivuke peke yako siku macho yanapokataa. Kazi ya kutia uzi ifanye asubuhi kabla hujachoka, na hapo kwenye cherehani hakuna wa kukuzuia kuimba.