Mji mmoja unatosha, subirini tu maji yapwe

Mmeuliza wiki hii, ukipata likizo ya wiki moja Hispania utazunguka miji mingi au utatulia mmoja? Mimi nasema mmoja, tena uwe mdogo, tena uwe upande ambao bahari inajaa na kupwa. Maana Hispania ina pwani za aina mbili jamani, kule Mediterania maji asubuhi na jioni yako palepale kama beseni, mtu wa Tanga kama mimi nakaa siku mbili nimeshachoka, lakini ukishuka mkoa wa Cádiz unakutana na Atlantiki na hapo ndo unaona pwani inavyofunguka na kujifunga.

Sisi tulienda Chipiona, mji mdogo hukohuko Cádiz. Mume wangu alikuwa na listi yake ndefu kwenye simu, Sevilla, Córdoba, Granada, kila mji usiku mmoja, nikamwambia baba watoto hiyo sio likizo hiyo ni safari ya konda wa basi. Akanuna kidogo. Watoto wakapiga kura, akashindwa.

Sasa sikilizeni. Siku ya kwanza tumefika maji yamejaa, nikaona mji wa kawaida tu, nyumba nyeupe, watu na miavuli yao, na ule mnara wa taa mrefu kuliko yote Hispania uliowashwa 1867, upo pale kwa sababu mlangoni mwa mto Guadalquivir kuna miamba na meli za kwenda Sevilla zinapita hapohapo. Tungekuwa wa kupita tungepiga picha ya mnara tukaondoka. Ila maji yalipotoka, aisee, ikaibuka kuta za mawe baharini, ndefu, zimepinda, zinaingia mpaka mbali huko, nikasimama nikasema huu si ndo uzio wa samaki huu! Na kweli ni mtego wa samaki, wao wanauita corral, wazo ni lilelile la wando zetu isipokuwa sisi tunatumia fito na wao mawe. Maji yakijaa samaki wanaingia juu ya ukuta wakila, maji yakipwa yanatokea kwenye vijitundu vyenye vyuma vya kuzuia na samaki wanabaki ndani. Mawe hayana saruji, ni chaza na vijidudu vya baharini ndo vinayagandisha kwa miaka, kwa hiyo ukuta usipotunzwa mawimbi yanaubomoa, na wazee wa pale kazi yao ni kurudishia mawe kila bahari ikichafuka. Mji wa jirani, Rota, mitego yao ilitangazwa kumbukumbu ya asili ya kulindwa mwaka 2001.

Na ndo maana nasema kaeni. Maji yanachelewa kama dakika hamsini kila siku, leo yakipwa sana wakati wewe umelala kesho kutwa utayapata kwenye chai, na bamvua ya mwezi mpya au mwezi mpevu, yale maji yanayojaa na kupwa sana, inaonyesha vitu ambavyo maji mafu, yale yanayopwa kidogo tu, hayaonyeshi kabisa. Tukaanza kuishi kwa ratiba hiyo, saa ya kula, saa ya kulala, kila kitu. Mzee mmoja alikuwa na kisu kirefu anachokonoa chini ya mawe, Kihispania sijui lakini pweza namjua, nikamwonyesha kwa mikono jinsi mama zetu wanavyochokoa kwa kijiti, akacheka sana, akamwita mwenzie aje aone, nikarudia tena onyesho lote.

Mchana maduka yanafungwa mpaka jioni, msipambane nalo, kuleni bajia zao za uduvi (zina unga wa dengu ndani, mtajisikia nyumbani) mkalale. Divai yao ya moscatel wanaisifia sana, mimi situmii siwezi kuwaambia kitu.

Jambo lingine ni kinyonga. Wapo kwenye vichaka vya matuta ya mchanga nyuma ya fukwe, wanalindwa kisheria, kuna njia ya mbao ya kupita juu ya matuta msiwakanyage. Mimi nilikulia kuogopa kinyonga kama nyoka, huku watu wazima wamesimama wananong'ona wakimtafuta, na kumwona ni lazima utembee mwendo wake mwenyewe, mtoto wangu wa kati ndo aliyemwona, sisi wote tulishampita.

Kama mnaenda, treni haifiki, chukueni basi kutoka Sevilla, na Agosti ikwepeni maana Wasevilla wote wanahamia pale, Septemba bado maji yana joto. Bebeni viatu vya kukanyagia miamba, angalieni jedwali la maji kabla ya kulipia chumba, na msipande juu ya kuta, ombeni mwenyeji awaingize. Granada mume wangu bado anaidai, nimemwambia mwakani, tukikaa hukohuko wiki nzima.