Jua na vitamini D: majibu kwa wasomaji

Kila asubuhi saa moja namwanika mwanangu wa miezi mitano dirishani, kioo kimefungwa asipate upepo. Inatosha? (Mama, Dar es Salaam)

Haitoshi, mama. Miale inayoiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D ni ya UVB, na kioo cha dirisha huizuia karibu yote. Mtoto anapata joto na mwanga tu. Hata nje, jua la saa moja lina miale hiyo kidogo mno, na jua kali halimfai mtoto wa umri huu. Maziwa yako ni bora, ila yana vitamini D kidogo, kwa hiyo ulizia kliniki matone ya vitamini D. Kipimo cha kawaida kwa mtoto mchanga ni yuniti 400 kwa siku. Bila vitamini hiyo utumbo haunyonyi kalsiamu ipasavyo, mifupa inabaki laini, na akianza kusimama miguu hupinda. Ndiyo matege.

Navaa buibui na nikabu, nashinda ndani, na mifupa inaniuma. Hivi mtu anaweza kukosa jua Mombasa? (Dada, Mombasa)

Anaweza kabisa. Jua lipo, lakini halikufikii ngozini. Huna haja ya kubadili mavazi yako: tafuta ua wenye ukuta au paa lenye stara, ukae na mikono na miguu wazi siku kadhaa kwa wiki. Angalia kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, UVB ipo ya kutosha. Kikiwa kirefu, unaota joto tu. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi kuliko nyeupe, ila usingoje ikuunguze. Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, wanaoshinda nje, walipopimwa damu walikutwa na wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita, ilhali 50 huhesabiwa kuwa inatosha. Kula pia vibua, dagaa, maini na kiini cha yai. Lakini maumivu ya mifupa yana sababu nyingi, kwa hiyo nakuomba ukapime damu kwanza. Usinunue vidonge vikali vya vitamini D kwa kubahatisha: vikizidi, kalsiamu hujaa kwenye damu na kuumiza figo. Jua halina hatari hiyo, maana ngozi huivunja vitamini iliyozidi.

Niko Leicester. Je, jua la Januari linanisaidia? (Kaka, Uingereza)

Kwa vitamini D, hapana. Kuanzia Oktoba hadi Machi jua la huko liko chini mno. Uingereza inashauri kila mtu mzima mikrogramu 10 kwa siku majira hayo, na wenye ngozi nyeusi wazitumie mwaka mzima.

Binti yangu ana ualbino. Nimwache juani apate vitamini D? (Baba, Mwanza)

La, mzee wangu. Ngozi isiyo na melanini, yaani rangi ya ngozi inayokinga jua, hutengeneza vitamini D upesi sana, na huungua upesi vilevile. Saratani ya ngozi ndiyo hatari yake kubwa. Kofia pana, mikono mirefu, na losheni ya kukinga jua kila siku. Ulizia losheni ya Kilisun, inayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kidonda chochote kisichopona, mpeleke kwa daktari wa ngozi mapema.