Montecatini Terme na mama: chukueni hoteli ndogo

Dada, umeuliza kama hoteli ndogo ya Montecatini Terme, mji wa chemchemi za tiba karibu na Florence, Italia, itamfaa mama yako mwenye magoti mabovu, au mlale Florence. Mimi ningelala Montecatini. Mji wenyewe ni tambarare, una bustani na viti vya kupumzikia, na treni ya Florence ni kama saa moja tu.

Hoteli nyingi pale ni za familia. Kabla ya kulipa, uliza mambo mawili: lifti inaanzia chini kabisa au baada ya ngazi za mlangoni? Na bafu lina kizingiti cha kuruka? Kumbuka Waitalia wakisema “primo piano” wanamaanisha ghorofa moja juu, si chini. Mimi niliponzwa na hilo, nikabeba masanduku huku nanung'unika. Kodi ya watalii hulipwa kando, kwa kichwa kwa kila usiku. Ukipewa “mezza pensione”, yaani kifungua kinywa na chakula cha jioni, chukua. Mama hatahangaika usiku.

Maji ya Tettuccio, jengo maarufu la chemchemi za mji huo, ni ya kunywa, yana chumvi, na yanaendesha tumbo kwelikweli! Mama aulize daktari wake kwanza. Si majengo yote ya zamani ya chemchemi yanayotoa tiba, kwa hiyo ulizia hotelini lipi liko wazi.

Kupanda Montecatini Alto, kijiji cha kale kilicho kilimani juu ya mji, tumieni vibehewa vyekundu vya kebo vya tangu 1898. Ila majira ya baridi husimama.