Vemuthi: mvinyo wenye jina la pakanga

SWALI: Nafanya kazi kwenye baa ya hoteli hapa Arusha. Tuna chupa imeandikwa Vermouth, tunaiweka rafu moja na gini na wiski. Juzi mgeni aliionja akasema imeharibika, mwenzangu akabisha kwamba pombe kali haiharibiki. Hiki ni kinywaji gani, na jina lake lina maana gani?

JIBU: Inaelekea mgeni wako alisema kweli. Vemuthi ni mvinyo. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka angalau asilimia 75 yake iwe mvinyo, na kileo kisipungue asilimia 14.5 wala kufika 22. Huongezwa pombe kali kidogo ili kuupa nguvu, kisha hukolezwa kwa majani, mizizi, maganda na viungo. Hata ile nyekundu mara nyingi hutokana na mvinyo mweupe. Wekundu wake huletwa na sukari iliyounguzwa.

Jina linatoka kwa Wajerumani: Wermut, yaani pakanga. Ukisoma Mithali 5:4 utaikuta pakanga kama kipimo cha uchungu, na mmea wa jamii hiyo ndio hasa unaoifanya vemuthi iwe vemuthi. Bila huo, Ulaya hairuhusu jina hilo liandikwe kwenye chupa. Mwanga kidogo kwako uliye Arusha: ile artemisia inayolimwa Tanzania na Kenya kwa dawa ya malaria ni ndugu yake, ila si mmea uleule.

Wagiriki na Warumi wa kale walishalowesha pakanga kwenye mvinyo, wakiinywa kama dawa ya tumbo. Vemuthi ya leo, hata hivyo, huhesabiwa kuanzia mji wa Torino, Italia, mwaka 1786, alipoanza kuiuza Antonio Benedetto Carpano. Torino iko chini ya milima ya Alps, kwenye mitishamba tele, na jirani yake kuna mashamba ya zabibu za moscato. Vemuthi ya Carpano ilikuwa tamu. Ile kavu, yaani isiyo tamu, nyeupe, ni ya Wafaransa. Joseph Noilly aliitengeneza mwaka 1813.

Sasa kuhusu chupa yenu. Ikishafunguliwa, hewa huanza kuiharibu kama mvinyo wowote, ingawa polepole zaidi. Itoeni kwenye rafu. Ifungeni vizuri, iwekeni kwenye friji, na muimalize ndani ya mwezi mmoja au miwili. Hiyo aliyoikataa mgeni, mwageni.