Nakimbia kilomita 10, lakini bwawani naishiwa pumzi kabla ya mita 25

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Nina miaka 41, naishi Tabata Segerea. Niko kwenye kikundi cha jogging mwaka wa sita sasa, na Jumamosi tunamaliza kilomita 10 bila shida. Mwaka huu goti la kulia limeanza kuuma, daktari akanishauri nipunguze lami na nijaribu kuogelea. Nimeshakwenda bwawani mara saba. Kuelea najua, kurusha mikono najua, lakini nikifika katikati ya bwawa la mita 25 natweta kama mtu aliyepanda ghorofa kumi kwa ngazi. Mtindo wa chura una afadhali kidogo. Je, mapafu yangu yana tatizo? Nifanyeje ili kuogelea kuwe zoezi langu la kila wiki? Na naweza kufanyia Coco Beach badala ya kulipia bwawa?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu, na pole kwa goti.

Nianze na mapafu, maana naona ndiyo yaliyokutia hofu. Mtu anayekimbia kilomita 10 bila kubanwa na kifua, halafu akatweta majini tu, kwa kawaida hana tatizo la mapafu. Tatizo ni kwamba hatoi pumzi akiwa majini. Wakimbiaji wengi wanaoanza kuogelea ukubwani wananijia na kilio hichohicho, tena huwa wanakiona kama aibu, kwa sababu barabarani wao ndio wanaowaacha wenzao nyuma.

Jaribu hivi hapo ulipokaa. Vuta pumzi mpaka kifua kijae, usiitoe, kisha jaribu kuvuta nyingine juu yake. Haiingii. Hicho ndicho unachokifanya bwawani. Uso ukiingia majini, mwili wenyewe unafunga mlango na kuishikilia hewa. Ukigeuza kichwa, mdomo unakuwa nje kwa muda mfupi mno, pengine sekunde moja, na ndani ya sekunde hiyo unataka kutoa hewa ya zamani na kuingiza mpya. Unapata nusu pumzi. Mkono unaofuata, nusu ya nusu. Ukifika mita 12, umekwisha.

Ile hamu kali ya kuhema haiji kwa sababu oksijeni imeisha. Kinachopiga kengele ni kabonidayoksaidi inayorundikana kwenye damu kwa kuwa huitoi. Oksijeni bado unayo, ila ubongo umeshasikia kengele na unaamuru: toka! Hapo unainua kichwa, nyonga zinazama, miguu inazifuata, na unaanza kupiga maji kwa nguvu ili usizame. Nguvu hizo nazo zinazalisha kabonidayoksaidi zaidi. Barabarani hukukutana na jambo hili kwa sababu unahema upendavyo. Majini pumzi ina zamu yake, na zamu inapangwa na mkono.

Kwa hiyo kwa wiki mbili za kwanza kazi yako kubwa ni kutoa pumzi. Simama kwenye maji ya kifuani, shika ukingo. Vuta pumzi kwa mdomo, ya kawaida tu, usijaze kifua kupita kiasi. Ingiza uso majini na upulize mapovu polepole, kwa pua na mdomo pamoja, kwa sekunde nne au tano. Mapovu yasikatike. Ukikaribia kuinua kichwa, malizia kwa mpulizo mmoja wa nguvu, kisha toka na uvute. Utaona hewa inaingia yenyewe, hulazimiki kuivuta kwa haraka. Fanya mara 20 bila kupumzika. Ukiweza kufanya mara 20 na ukatoka ukiwa unaongea kama kawaida, umeshavuka sehemu ngumu kuliko zote. Baadaye fanya hivyo hivyo ukigeuza kichwa pembeni badala ya kukiinua, sikio moja likibaki ndani ya maji.

Kuna watu wanaona zoezi hili ni la watoto na wanalikimbilia mbali. Nakuomba usilikimbie. Mimi naliweka mwanzoni mwa kila kipindi hata kwa wanaomaliza kilomita.

La pili ni miguu yako. Mapafu yana hewa, kwa hiyo kifua kinaelea. Miguu ya mkimbiaji ina misuli mingi na mafuta kidogo, kwa hiyo inazama. Mwili wako majini ni kama mizani: kichwa kikipanda, miguu inashuka, na ukiogelea hivyo unajiburuta kama jahazi lililotia nanga. Tazama chini, sakafu ya bwawa, wala si mbele kule unakokwenda. Ukitazama chini, shingo inanyooka na nyonga zinapanda. Vijana wa Kigamboni utawaona wanaogelea kichwa kikiwa juu muda wote, na wako salama kwa sababu maji wameyazoea tangu wakiwa wadogo. Kwa mtu anayeanza na anayetaka dakika 30 mfululizo, mtindo ule utamchosha shingo na kiuno kabla ya dakika ya tano.

Halafu vifundo vya miguu. Kukimbia kunavikaza. Ukishika kibao cha povu na kupiga miguu tu, huenda ukabaki palepale. Nimeona hata wanaorudi nyuma, kwa sababu nyayo zimekunjwa kama jembe na zinavuta maji upande usiofaa. Nyoosha vidole vya miguu, piga kutoka kwenye nyonga, goti likunjike kidogo tu, na piga kwa upole. Misuli ya mapaja ni mikubwa na inakula oksijeni nyingi kuliko mikono. Mkimbiaji anapopata wasiwasi majini hukimbilia kupiga miguu kwa nguvu, kwa kuwa ndiyo anayoiamini, na ndiyo inayommaliza.

Kuhusu mwendo: maji ni mazito karibu mara 800 kuliko hewa, na ukiongeza kasi mara mbili ukinzani unaongezeka takriban mara nne. Lami inakusamehe ukianza kwa kasi kidogo, maji hayakusamehi. Nenda polepole kuliko unavyodhani inastahili. Sukuma ukuta, teleza kama mshale umenyoosha mikono, ndipo uanze kurusha mikono bila haraka. Vuta pumzi kila mikono miwili, upande ulio mwepesi kwako. Watakuja wa kukuambia uvute kila mikono mitatu ili upumue pande zote mbili. Hilo litakuja baadaye. Sasa hivi unahitaji hewa.

Sasa mtindo wa chura, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ya goti lako. Una afadhali kwa kuwa kichwa kinatoka mbele na pumzi inapatikana kirahisi. Lakini teke la chura linazungusha mguu nje huku goti likiwa limekunjwa, na mzigo unaangukia upande wa ndani wa goti. Hata waogeleaji wa mashindano huumwa magoti kwa teke hilo. Mtu aliyetumwa bwawani na daktari kwa sababu ya goti hapaswi kulifanya chura zoezi lake kuu. Tumia mtindo huru, yaani ule wa kifudifudi wa kurusha mikono kwa zamu, na ukichoka geuka uogelee chali: mdomo uko nje muda wote, goti linapumzika. Mwulize pia daktari aliyekuona ni miondoko gani goti lako halitakiwi kufanya, maana mimi sijaliona.

Ratiba. Siku tatu kwa wiki, dakika 30 kila siku, ukiacha siku moja katikati. Wiki mbili za kwanza, dakika 10 ni za mapovu na kuteleza, kisha ogelea nusu ya bwawa, simama, pumzika mpaka uweze kusema sentensi nzima bila kukatika, rudia. Ukifanya hivyo mara 8 hadi 10 inatosha, hata kama jumla yake ni mita 100 na kidogo. Wiki ya tatu na ya nne maliza urefu mzima wa mita 25, pumzika sekunde 30 hadi 60, mara 8 mpaka 12. Kuanzia wiki ya tano unganisha urefu mara mbili, uwe mita 50, na taratibu punguza mapumziko. Wengi wanaokwenda hivi bila kurukaruka ratiba, ndani ya miezi mitatu hufika mita 400 bila kusimama. Wewe una moyo wa mkimbiaji, kwa hiyo pumzi ikishakaa sawa huenda ukasonga haraka zaidi. Bega likianza kuchoma, pumzika siku mbili, usilazimishe.

Usiifuate saa yako ya jogging. Majini umelala, maji yanakupoza na yanarudisha damu kifuani kwa mgandamizo wake, kwa hiyo mapigo ya moyo huwa chini kidogo kuliko barabarani kwa kazi ileile. Hesabu badala yake mikono: unatumia mingapi kumaliza mita 25? Ikiwa leo ni 34 na mwezi ujao ni 27 kwa utulivu uleule, umeendelea.

Na kikundi chako usikiache moja kwa moja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Bwawa litakupa 90. Zilizobaki tembea kwa mwendo wa haraka, ikiwa daktari ameruhusu, kwa sababu kuogelea hakuitwishi mifupa uzito wa mwili, na mifupa nayo inahitaji mzigo.

Vifaa ni vichache: miwani ya kuogelea isiyovuja, kofia, na nguo ya kubana. Kaptura pana ya pamba inavuta maji na kukurudisha nyuma.

Bwawa chagua lililo njiani kati ya kazini na nyumbani, hata kama kuna lingine zuri zaidi Masaki. Ukitoka Segerea kwenda Masaki jioni, foleni itakushinda kabla maji hayajakushinda. Saa kumi na mbili asubuhi ndiyo bora: jua halijakali na bwawa halina watu wengi. Kabla ya kulipia, simama ukingoni uangalie kama unaona sakafu vizuri mpaka sehemu ya kina kirefu. Usipoiona, ondoka, kwa sababu hata mtu aliyezama hataonekana. Uliza mwokoaji ni nani na yuko saa ngapi. Harufu kali ya klorini wengi huiona ni dalili ya usafi. Kumbe mara nyingi ni klorini iliyochanganyika na jasho na mkojo. Ndiyo maana nasisitiza kuoga kabla ya kuingia.

Usiogelee peke yako. Na usijaribu kuhema haraka haraka mara nyingi kisha upige mbizi ili upime unakaa chini muda gani. Kumbuka ile kengele ya kabonidayoksaidi: ukihema namna hiyo unaifukuza gesi hiyo kupita kiasi, kengele inachelewa kulia, oksijeni inaisha kimyakimya na mtu anapoteza fahamu chini ya maji bila dalili yoyote. Wanaokufa hivyo huwa ni wale wanaojua kuogelea. Bwawani nikiona vijana wanashindana hivyo nawatoa wote nje, na sijali wakinikasirikia.

Bahari, basi. Maji ya chumvi yana uzito zaidi kidogo, kwa hiyo miguu yako itaelea vizuri kuliko bwawani, na utajiona umeiva ghafla. Hilo ndilo linaloniogopesha. Bahari yetu inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvu, yaani siku bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Dar inapita mita tatu. Pale Coco maji yakipwa miamba inajitokeza. Yakijaa imefichika palepale, na mawimbi yanaweza kukutupa juu yake. Kusi likivuma mawimbi yanakuwa makubwa. Baada ya mvua za masika Mto Msimbazi unamwaga uchafu wa mjini baharini karibu na Daraja la Salender, kwa hiyo siku chache baada ya mvua kubwa maeneo ya jirani siyashauri hata kwa mzoefu.

Kipimo changu ni hiki: kwanza uweze mita 200 bwawani bila kusimama na bila kugusa ukuta, na uweze kuelea chali dakika tano ukiwa umetulia. Ukishafika hapo, nenda na mtu anayeogelea vizuri kuliko wewe na anayeijua sehemu hiyo, kwenye maji mafu, yaani siku bahari inapojaa na kupwa kidogo, na uogelee sambamba na ufukwe mahali ambapo miguu inafika chini. Mkondo ukikuchukua usishindane nao kurudi moja kwa moja; elea, inua mkono uite, na ukiweza ogelea kwa pembeni mpaka utoke ndani yake. Kwa sasa, Coco nenda Jumapili na familia mle mihogo, na ukiingia majini maji yasikuvuke kiuno.