Nilimuuliza "Una Risiti?" Akasema Hana

Mteja wangu wa kwanza alikuja na mfuko wa plastiki uliojaa karatasi, akauweka mezani kwa mikono miwili kama mtu anayetua mtungi. Nilikuwa mwanafunzi wa sheria mwaka wa tatu, nimevaa shati la kuazima, na kwenye daftari nilikuwa na maswali 17 niliyoyaandaa usiku mzima. Mama huyo alishtakiwa kwa deni. Mdai alisema alimkopesha hela za biashara na hazikurudi. Yeye alisema amerudisha karibu zote, amebakiza kidogo sana.

Swali langu la tano lilikuwa: "Mama, una risiti?"

"Sina, mwanangu."

Nikaandika "hakuna ushahidi wa malipo", nikaenda la sita. Saa nzima baadaye nilimsindikiza mlangoni nikiwa nimeridhika kabisa na nafsi yangu.

Jioni ile nilimpelekea faili wakili aliyekuwa akisimamia kituo chetu cha msaada wa kisheria. Alisoma maelezo yangu, ambayo yalikuwa na aya mbili nzuri kuhusu kanuni za mkataba, kisha akaushika wito wa mahakama kwa vidole viwili. "Huu wito aliupokea lini?" Sikujua. Tarehe ya kutolewa niliiona, iko pale juu, lakini siku ulipomfikia mikononi sikuiuliza, na siku za kuwasilisha utetezi kwa kawaida huhesabiwa tangu mtu alipopewa wito. Tukampigia simu palepale. Zilikuwa zimebaki siku nne. Zingepita hizo, mdai angeweza kuomba hukumu ya upande mmoja, yaani itolewe bila mama kusikilizwa, na aya zangu za mkataba zingebaki kuwa pambo la faili.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mwanafunzi anayeingia kliniki ya sheria, yaani kituo kama chetu ambapo wanafunzi huwasaidia wateja halisi chini ya wakili, ni mkavu kuliko unavyotarajia: kabla hujafikiria sheria, tafuta tarehe. Alipokea lini, anatakiwa lini, ameshafanya nini katikati. Geuza kila karatasi uone mgongo wake, maana mara nyingi aliyepeleka wito huandika nyuma. Bahasha usiitupe, hasa yenye mhuri wa posta.

Kesho yake mama alirudi. Safari hii msimamizi ndiye aliyeongea, mimi nikapewa kazi ya kuandika na kunyamaza. Hakuwa na orodha. Alimwambia, "Mama, hebu nisimulie siku ile ulipomlipa mara ya kwanza. Mlikuwa wapi?" Mama akasimulia. Alikuwa na homa, hakuweza kutoka, kwa hiyo alimtumia mdai hela kwa simu. Mdai akamjibu kwa ujumbe kwamba amezipata, akauliza zilizobaki zinakuja lini. Na ujumbe huo upo? "Upo, kwenye simu yangu ya zamani." Kisha akanigeukia mimi: "Si uliniuliza risiti, mwanangu? Risiti mimi najua ni ile karatasi ya dukani."

Nimefanya mitihani mingi ya sheria, na hakuna hata mmoja ulionifundisha kilichonifundisha sentensi hiyo. Darasani ukweli wa kesi unakuja umeshachapwa: fulani alimkopesha fulani, tarehe hii, kiasi hiki, jadili. Kuna mtu tayari ameshakufanyia kazi ngumu kuliko zote, ile ya kutenganisha kinachohusu na kisichohusu. Mteja halisi anakuja na homa, ugomvi wa shemeji, simu mbovu na mfuko wa karatasi, na ushahidi umejificha humo ndani kwa jina ambalo wewe hulitumii. Ukimuuliza kwa msamiati wako, atakujibu kwa uaminifu kabisa na mtapishana kama meli usiku.

Jambo hili si jipya. Christopher Langdell, profesa wa sheria wa Marekani, alipoanza kufundisha sheria kwa kuchambua hukumu, pale Chuo Kikuu cha Harvard katika miaka ya 1870, alileta mtindo ambao vyuo vingi duniani vinaufuata mpaka leo. Mwaka 1933 mwanasheria Jerome Frank, ambaye baadaye alikuwa jaji wa rufaa wa shirikisho huko Marekani, aliandika makala akiuliza kwa nini wanafunzi wa sheria hawafunzwi kama wa udaktari, ambao hukutana na wagonjwa kabla ya kuhitimu. Mwanafunzi anayesoma hukumu za rufaa peke yake alimfananisha na mtu anayetaka kuwa mtunza bustani huku akijifunza kwa maua yaliyokwisha kukatwa. Ukisoma hukumu, ujumbe wa simu umeshakuwa "kielelezo namba 2". Hakuna anayekuonyesha namna ulivyopatikana.

Basi siku hizi nafanya hivi, na wadogo zangu wa kituoni nawaambia wafanye hivi. Dakika kumi za mwanzo kalamu iko mezani. Mwache mteja aanzie anapotaka, hata kama ni kwenye harusi ya mwaka juzi. Akimaliza, chora mstari mrefu kwenye karatasi, uweke tarehe unazozijua, kisha mgeuzie karatasi aione na muijaze pamoja. Ajabu ni jinsi watu wanavyokumbuka wakiona nafasi tupu: "Hapana, kabla ya hapo alikuja nyumbani na kaka yake." Kumbe kuna shahidi. Maswali ya kisheria yaje mwishoni, na kila unapotaka kutamka neno kama risiti, mkataba au mdhamini, uliza kitendo badala ya jina. Mlikubaliana vipi? Ulimpaje? Nani alikuwepo?

Makosa mengine niliyafanya pia, nitayapitia haraka. Nilimwambia mama "usijali, kesi hii tunayo", nikidhani namtuliza. Wiki haikuisha akawa ameshawatangazia majirani kwamba ameshinda. Mteja akikuuliza kama atashinda, mweleze kilicho upande wake, kilicho dhidi yake na hatua inayofuata, halafu umwambie kwamba utamuuliza msimamizi. Inauma kidogo kusema "mimi bado mwanafunzi, si wakili". Sema hata hivyo, tena siku ya kwanza, kabla hajaketi vizuri.

Nilisimulia pia kesi moja kwenye foleni ya chakula, bila kutaja jina, nikijiona mwangalifu. Mwenzangu akauliza, "Huyo si yule jirani yetu?" Ndiye. Tangu siku hiyo nikajua kwamba kuficha jina hakutoshi kutunza siri, maana watu hutambulikana kwa visa vyao. Kwenye makundi ya simu ndiyo usithubutu kabisa, hata kama kundi ni la wanasheria watupu.

Na barua. Ya kwanza niliyomwandikia mteja ilikuwa na kurasa mbili, na "kwa mujibu wa" nadhani mara sita. Binti yake alipiga simu: "Nimemsomea mama yote. Sasa afanye nini?" Barua nzuri kwa mteja inamwambia aende wapi, siku gani, saa ngapi, abebe nini na asitie saini nini. Mengine yabaki kwenye faili.

Kama chuo chako kina kliniki, jiunge mapema, usisubiri mwaka wa mwisho wakati akili yote iko kwenye utafiti na mitihani. Kama hakina, tafuta shirika la msaada wa kisheria au ofisi ya wakili anayepokea kesi bila malipo, uombe hata kazi ya kupokea wateja na kupanga mafaili. Usidharau mafaili, hapo ndipo utaona kesi zinavyooza kwa sababu ya karatasi moja iliyokosekana. Lakini kabla hujakubali, uliza: nani atasoma ninachoandika kabla hakijamfikia mteja? Ukijibiwa kwamba wewe tu endelea, tunakuamini, shukuru na uondoke. Sheria za nchi hutofautiana kuhusu mwanafunzi anaruhusiwa kufanya nini. Kwingine anaweza hata kusimama mahakamani chini ya wakili katika mashauri fulani, kwingine haruhusiwi kabisa. Kokote uliko, bila msimamizi anayetenga muda wake kwa jambo hili, utakuwa unajifunza kunyoa kwa kichwa cha mtu.

Kuna jambo moja ambalo vituo vingi havilisemi vya kutosha. Muhula unaisha, kesi haiishi. Ile ya mama ilikuwa imepangiwa tarehe wakati mimi nafunga vitabu niingie mitihani. Utetezi tulishauwasilisha kwa wakati, picha za ujumbe zilishachapwa, na bado hapakuwa na mwisho wa kusimulia. Nilimpigia kumwambia kwamba faili linakwenda kwa dada mmoja wa mwaka wa pili. Alinyamaza muda mrefu. "Kwa hiyo nianze kusimulia upya?"

Usiku ule nilikaa na faili mpaka saa saba. Nikaandika kila tulichofanya na siku tulipokifanya, karatasi zipi ni nakala na zipi ni halisi, na kwamba mama asipigiwe simu asubuhi kwa sababu yuko kazini. Kisha nikabandika juu ya jalada karatasi ndogo, kwa herufi kubwa: SIMU YAKE YA ZAMANI NDIYO YENYE UJUMBE. MKUMBUSHE ASIIUZE.